Tasnifu ya saikolojia irudishwe kwa sababu p imezidi 0.05? Tujadiliane

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanikereketa tangu wiki iliyopita, nikaona nililete hapa tulijadili.

Mdogo wangu anamaliza shahada ya kwanza ya saikolojia, chuo sikitaji. Alitaka kujua kama mtu akiandika mambo yanayomsumbua kwa dakika kumi kabla ya jaribio, wasiwasi wake unapungua. Akapata wanafunzi 40, akawagawa kwa kura, 20 waandike na 20 wakae tu. Wote wakajaza dodoso la wasiwasi. Walioandika walikuwa na wasiwasi pungufu kidogo, lakini programu ya takwimu, SPSS, ikatoa p ya 0.08. Hiyo p ni namba ya kuonyesha kama tofauti ingeweza kuletwa na bahati tupu, na kwa mazoea ikiwa chini ya 0.05 ndipo husemwa kuna tokeo. Msimamizi akarudisha rasimu na maelezo mafupi: hapa hakuna tokeo, ongeza watu mpaka ishuke chini ya 0.05, au chambua wasichana peke yao uone.

Nimefundisha takwimu kwa miaka kadhaa na nasema wazi: huko ni kumfundisha mtoto kudanganya, hata kama msimamizi hana nia mbaya. Mwaka 2011 watafiti Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha madhara ya mtindo huu. Ukijiruhusu kuongeza watu baada ya kuchungulia matokeo, kuchagua kipimo kinachopendeza, kuingiza jinsia pale inapokusaidia na kuacha kundi moja nje, uwezekano wa "kugundua" kitu ambacho hakipo unapanda kutoka asilimia 5 hadi zaidi ya asilimia 60. Kwa njia hizohizo walipata p nzuri kabisa iliyoonyesha kwamba kusikiliza wimbo fulani kulipunguza umri wa wanafunzi kwa karibu mwaka na nusu. Si kwamba walijisikia vijana. Umri wenyewe, wa tarehe ya kuzaliwa. Walifanya hivyo makusudi ili wenzao washtuke.

Hoja yangu: tasnifu isihukumiwe kwa p. Ihukumiwe kwa swali, sampuli, vipimo na ukweli wa uchambuzi, na hayo yakubaliwe kabla dodoso la kwanza halijatoka kwenye mashine ya fotokopi. Anayepinga aje.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma

Shikamoo kaka. Naomba kueleweshwa kwanza. Sisi tulivyoelewa darasani, p ya 0.08 maana yake kuna uwezekano wa asilimia 8 kwamba dhana yako si ya kweli. Yaani mdogo wako ana uhakika wa asilimia 92. Mbona hiyo ni nyingi tu?

Mwanzisha mada

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza vizuri, na kosa hilo hata wenye shahada kubwa wanalo. Ngoja nikupe kisa cha chai.

Huko Uingereza, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, mama mmoja mtaalamu wa mwani, Muriel Bristol, alidai kwamba akionja chai anajua kama kikombeni yalitangulia maziwa au ilitangulia chai. Mwanatakwimu Ronald Fisher hakubishana naye. Aliandaa vikombe 8, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, vikachanganywa, mama akatakiwa ataje vinne vilivyotanguliwa na maziwa. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane. Asiyejua lolote akibahatisha, atapatia vyote mara 1 katika 70, yaani karibu 0.014. Akichanganya kimoja, hesabu inabadilika sana: kubahatisha tupu kunampa mtu matokeo mazuri kiasi hicho au zaidi mara 17 katika 70, yaani 0.24.

Hiyo ndiyo p. Inauliza: tuseme mama huyu *hana* kipaji hata chembe, matokeo kama haya au makali zaidi yangejitokeza mara ngapi? Haituambii uwezekano wa yeye kuwa na kipaji. Kwa mdogo wangu, 0.08 inasema hivi: kama kuandika hakusaidii kitu, tofauti kubwa kiasi kile au zaidi ingejitokeza yenyewe mara 8 hivi katika 100. Basi. Ile asilimia 92 umeitoa mahali ambapo haipo.

Tazama na hili. Fisher angeandaa vikombe 6, vitatu kwa vitatu, njia zingekuwa 20 tu. Mama angepatia vyote bila kukosea hata kimoja, na bado p ingekuwa 0.05 kamili, haishuki chini ya hapo. Kwa hiyo idadi ya vikombe ilishaamua mengi kabla maji hayajachemka.

Mhadhiri, Morogoro

Ndugu mwanzisha mada, nakuheshimu, ila mimi nimesimamia tasnifu miaka mingi na nitakupinga.

Ukiondoa kizingiti cha 0.05, mwaka ujao nitaletewa tasnifu thelathini zinazosema "hakuna tofauti", zilizofanywa wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho. Dodoso limejazwa hosteli usiku, karatasi nzima imezungushiwa 3, 3, 3. Wewe mwalimu wa takwimu unajua kwamba kipimo kibovu huficha tofauti. Kukosa tokeo ni rahisi kuliko kulipata! Mwanafunzi mvivu hana haja ya kudanganya, uvivu wake wenyewe utampa p kubwa. Kizingiti kinamlazimisha ajitahidi.

Na huyo mdogo wako, kwa upendo nasema, watu 20 kwa 20 hawatoshi. Ile 0.08 haisemi kuna kitu wala haisemi hakuna. Sasa anataka apewe alama kwa lipi?

Mwanzisha mada

Mwalimu, hoja yako ya uvivu ni nzito kuliko zote nilizowahi kusikia upande wenu, na nakubali nusu yake. Kweli, uzembe huzaa p kubwa. Lakini p ndogo haithibitishi bidii. Mtu mwenye vipimo vitano vilivyojazwa ovyo, akivijaribu kimoja kimoja, ana karibu asilimia 23 ya kupata angalau kimoja chini ya 0.05 hata kama hakuna kitu. Kizingiti kitamkamata mvivu mwaminifu na kumpitisha mvivu mjanja. Zile 3, 3, 3 unazikamata kwa kutazama madodoso, na hilo ni la kutahiniwa lenyewe.

Kuhusu 20 kwa 20 tuko pamoja kabisa. Kama athari ni ya wastani, tuseme nusu ya mkengeuko wa kawaida (kiasi ambacho alama za watu hutofautiana na wastani), utafiti wa watu 20 kila upande utaigundua mara 1 tu katika 3 hivi. Ili uwe na nafasi ya asilimia 80 unahitaji watu 64 kila upande. Mwanasaikolojia Jacob Cohen alishapigia kelele udhaifu huu mwaka 1962. Sasa nauliza: nani alipitisha pendekezo la watu 40? Mwanafunzi alipewa vikombe sita, halafu analaumiwa kwa ulimi wake.

Hesabu hii nimeifanya ubaoni mara nyingi na kila mara darasa linanyamaza. Chukua dhana 1,000 za wanafunzi, tuseme 100 ndizo za kweli. Kwa nguvu ya moja kwa tatu, yaani nafasi ya kugundua kitu ambacho kipo kweli, tutagundua kama 33. Katika zile 900 zisizo za kweli, 45 zitapita 0.05 kwa bahati. Ukikusanya tasnifu zote "zenye tokeo", 78 kwa jumla, zaidi ya nusu ni uongo ambao hakuna aliyeusema kwa makusudi.

Na haya si ya wanafunzi peke yao. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 zilizochapishwa katika majarida matatu makubwa ya saikolojia. Katika zile za awali, asilimia 97 zilikuwa na p chini ya 0.05. Ziliporudiwa, asilimia 36 tu ndizo zilizofika hapo, na ukubwa wa athari ulishuka kwa takriban nusu. Fikiria mvuvi anayekuambia amekwenda baharini siku 100 na siku 97 amerudi na samaki. Mtu wa pwani atamuuliza zile siku nyingine alizificha wapi.

Mkusanyaji data, Kilifi

Mimi si msomi wa takwimu. Kazi yangu ni kubisha hodi, kukaa mkekani na kuuliza maswali. Nyote mnagombania p, na mimi nataka kuuliza lile neno "wasiwasi" kwenye dodoso lilikuwa linapima nini.

Kwetu ukimuuliza mtu "una wasiwasi?" anaweza kufikiri unamuuliza kama ana shaka na wewe. Mwingine hasemi ana wasiwasi hata siku moja, anasema anafikiri sana, au moyo unamwenda mbio, au usingizi umekataa. Dodoso lililotungwa Marekani likatafsiriwa jioni moja, mkalijaza mkapata 0.001, mtakuwa mmepima nini? Nimeona tafsiri ambazo hata mimi Mswahili ilibidi nisome mara mbili.

Kuna mfano ninaoupenda. Katika utafiti wa jamii 15 ndogo uliotangazwa mwaka 2001, wakiwemo Wahadza na Wasangu wa Tanzania na Waorma wa Kenya, watu walipewa michezo ya kugawana na kuchangia fedha. Jean Ensminger ndiye aliyekuwa kwa Waorma. Walipoelezwa mchezo wa kuchangia chungu kimoja, wenyewe walisema: hii ni harambee! Na wakacheza kama watu wanaochangia harambee. Mtafiti asingesikia neno hilo, angebaki na wastani na p, asijue watu walikuwa wanafanya nini. Mimi ningempa alama mwanafunzi aliyekaa na watu kumi kwanza, akawauliza kila swali wamelielewaje.

Mchangiaji, Kampala

Suluhisho ni rahisi, jamani. Kishusheni kizingiti kiwe 0.005, uongo utapungua. Kuna wataalamu walishapendekeza.

Mwanzisha mada

Ni kweli, watafiti 72 walipendekeza hivyo mwaka 2017. Lakini ili ubaki na nguvu ileile ya asilimia 80 unahitaji sampuli kubwa zaidi kwa karibu asilimia 70. Hizo nauli na hizo fotokopi nani atalipa? Vyuo vyetu vitaangushwa kabla ya kuanza. Na ukuta ukiuhamisha, watu watajifunza kuupanda hukohuko ulikohamia. Mwaka 2019 wengine zaidi ya 800 walitia saini kutaka tuache kabisa kuyagawa matokeo mafungu mawili, yenye maana na yasiyo na maana. Mimi niko karibu na hawa. Sitaki p ifutwe kama jarida moja la saikolojia ya jamii lilivyofanya mwaka 2015. Iandikwe tu, pamoja na tofauti yenyewe ni alama ngapi, na inaweza kuwa kati ya ngapi na ngapi.

Dada wa Kilifi, umenifunga mdomo. Mdogo wangu hakuwauliza watu wameelewaje. Hilo ni pengo la kweli na nimemwambia aliandike.

Ninachopendekeza si kigeni. Jarida la *Cortex* lilianza mwaka 2013 kukubali makala kabla data haijakusanywa: wanasoma swali na mbinu, wakiridhika wanaahidi kuchapisha, matokeo yaje vyovyote. Kwenye shahada ya kwanza tuna pendekezo la utafiti tayari, lina ukumbi wake na mtetezi wake. Alama nyingi ziwekwe pale, na mwisho atahiniwe kama alitenda alichoahidi. Yule mvivu anayemhofia mwalimu wa Morogoro atakamatwa hapo mapema.

Mhadhiri, Morogoro

Hapo kwenye pendekezo umenisogeza, ingawa sijafika. Wasimamizi hawana muda wa kusoma mapendekezo kwa kina hicho, na wewe unajua darasa langu lina wanafunzi wangapi.

Nijibu moja tu, maana kama ningekuwa mtahini wake ndilo ningeuliza. Hao 40, alipanga tangu mwanzo, au aliacha kukusanya alipochoka?

Mwanzisha mada

Alipanga 40, mwalimu. Iko kwenye pendekezo lake, sura ya tatu, na saini ya msimamizi ipo chini yake.