Stelingi anakata roho, yeye anatangaza kava za simu! Huyu mtafsiri tumfanyeje?

Mjukuu wa Kikwajuni ameanzisha uzi:

Asalaam alaykum. Salamu nimetoa kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu nina hali. Sina hali. Saa nane hii ya usiku, bibi kashalala zamani, mie niko ukumbini na remoti mkononi kama mtu aliyefiwa, na wa kulaumiwa ni mtu mmoja.

Simtaji. Haja ya kumtaja sina, nyote mnamjua. Yule yule mtafsiri wa muvi anayekohoa kila stelingi anapotaka kusema la maana. Yule ambaye gari ikiruka ghorofani yeye anasema "eeh bwana eeh" halafu ananyamaza, na hiyo ndiyo tafsiri. Kisiwa hichi kizima flashi za muvi hazina sauti nyengine ila yake. Nikiweka video ya harusi ya dada yangu naogopa nitamsikia anatafsiri kasida.

Jana nimekwenda Darajani nikarushiwa Endgame, ile muvi ya Marvel, ya kutafsiriwa. Mie mwenyewe nimeshaiona kwa Kiingereza, tangu 2019 ilipotoka, nikalia nikamaliza. Jana nilitaka imuingie bibi yangu. Bibi Kiingereza chake ni "jambo" ya watalii, na hiyo si Kiingereza. Kwa hiyo wiki nzima namuandaa. Nikamuwekea ile ya kwanza kabisa ya 2008, Iron Man, Tony Stark kafungwa pangoni kule Afghanistan, anajifulia nguo ya chuma kwa nyundo. Bibi akampenda pale pale, akasema huyu kijana ana mikono kama marehemu babu yako, maana babu alikuwa fundi wa milango. Nikamuwekea ile ya 2018, adui mkubwa Thanos anapiga vidole nusu ya viumbe wanapeperuka kama majivu ya jiko. Bibi akasema astaghfirullah, zima, nikasali kwanza.

Basi jana. Mkeka, feni, kahawa, kashata. Bibi kavaa miwani ya kusomea msahafu, ujue kaamua. Muvi ni saa tatu na dakika moja, hakuinuka ila mara moja.

Tukafika PALE. Mnapajua pale. Thanos kavaa glavu ya yale mawe 6 ya nguvu, anajigamba kwamba yeye haepukiki, anapiga vidole, tak. Hola. Mawe yote 6 yashahamia mkononi kwa Stark. Stark kapiga goti, ule moto wa mawe unampanda mkono mpaka shingoni. Anainua kichwa. Anavuta pumzi. Na anachotaka kusema ni sentensi ile ile aliyofungia muvi ya 2008, kwamba yeye ni Iron Man. Miaka 11! Hii ni muvi ya 22 ya mfululizo huo! Na hiyo sentensi haikuwemo kwenye muswada, mhariri ndiye aliyetoa wazo wakati filamu ishapigwa, mtu akaitwa tena aje airekodi. Watu wamehangaika hivyo kwa maneno hayahaya matatu manne. Bibi kashasogea mbele ya mkeka. Stark anafungua mdomo.

"Wapenzi watazamaji, kwa muvi kali na kubandika vioo vya simu, fika dukani kwetu, chaji orijino zipo, kava zipo."

KAVA ZIPO.

Jamani. Mtu anajitoa roho kwa ajili ya ulimwengu mzima, KAVA ZIPO. Na nyuma ya sauti jogoo anawika. Sitanii, kuna jogoo chumba alichorekodia, na huyo jogoo kasikika vizuri kuliko Tony Stark. Tangazo linakwisha, vidole vishapigwa, jeshi la adui lishakuwa vumbi, Stark kakaa chini na taa ya kifuani inazima, ndipo bwana mkubwa anakumbuka ana kazi: "basi bwana ndo hivyo."

Ndo hivyo nini?

Nikarudisha nyuma. Kava zipo. Nikarudisha tena, labda kuna pahala sauti inapishana. Kava zipo. Mara ya tatu nikaweka sikio kwenye spika. Jogoo.

Nataka mnambie, huyu mtu mnamlea mpaka lini?

---

Jini la Mnazi Mmoja:
Wa kwanza hapa. Uzi bila picha ya kava hatuuelewi.

---

Urojo Bila Ndimu:
Pole kaka, lakini msiba wako mwepesi. Mie huyo mtu simsamehe kwa Interstellar ya 2014. Kule kwenye sayari ya maji saa 1 ni miaka 7 ya duniani, ndiyo roho ya picha nzima. Yeye katafsiri "hapa tusikae sana, tutachelewa." Basi jamaa anarudi chomboni, kumbe imepita miaka 23, anaangalia video za watoto wake washakuwa watu wazima, analia kamasi zinamtoka. Mie niko kwenye kochi namcheka. Nasema lijitu zima hili, limechelewa kidogo tu mbona linalia? Nimekuja kujua baada ya miezi, kaka yangu kanihadithia. Ikabidi nilie siku hiyo, peke yangu, jikoni, bila picha.

---

Karafuu Kavu:
Saa 1 miaka 7? Hiyo sayari sisi tunaijua, iko mkondo wa Nungwi. Unapanda boti kijana, unateremka Mkoani una mvi. Na mawimbi yale yale.

---

Bwana Shaka:
Mleta uzi samahani, una umri gani? Wiki nzima unamuandaa bibi kwa ajili ya bati linaloruka. Watu wanaandaa mitihani. Oa.

---

Mjukuu wa Kikwajuni:
@Bwana Shaka nikioa nani ataniletea mke anayejua mawe 6? Na usiniite bati. Mtu kafa kishujaa, KAVA ZIPO, halafu mie ndiye wa kushangaza?

---

Mpiga Kasia:
Nyie hamjapatwa. Mie kanitafsiria Star Wars ile ya 1980. Darth Vader kashamkata kijana mkono, kijana ananing'inia, upepo unavuma, kimya. Ile siri ambayo waigizaji wenyewe karibu wote walifichwa wakati wa kupiga picha. Huyu bwana akasema: "Mimi ni baba yako mdogo."

BABA MDOGO.

---

Jini la Mnazi Mmoja:
😂😂😂😂 nimemwaga chai

---

Mama Boflo:
Sasa hapo kakosea nini? Baba mdogo si baba? Mie nimelelewa na baba mdogo, kanisomesha, kaniozesha. Nyie watoto wa siku hizi mnadharau sana.

---

Mpiga Kasia:
Dada yangu hakuna aliyedharau. Lakini kama ni baba mdogo yule kijana anajitupia nini shimoni? Mtu akutane na baba mdogo ajiue?

---

Mama Boflo:
Inategemea baba mdogo gani. Wangu wa pili yule wa Bububu hata mie ningejitupa.

---

Bwana Shaka:
Kwenye mirathi baba mdogo na baba si sawa, msichanganye watu. Baba yupo, ndugu yake hapati kitu.

---

Mama Boflo:
Nani kataja mirathi hapa?

---

Bwana Shaka:
Darth Vader ana mali nyingi yule. Lazima iulizwe.

---

Mjukuu wa Kikwajuni:
Jamani. Mada. Kava.

---

Popo wa Gotham Kiembesamaki:
Haya yote mmejitakia, mnaangalia Marvel. Njooni kwa Batman, analipwa na urithi wa wazazi wake na muda mwingi hasemi kitu, mtafsiri hana pa kuharibu.

---

Urojo Bila Ndimu:
Batman wenu kanuna tangu utotoni. Hata Zanzibar tuna mayatima, hawavai masikio.

---

Msomi wa Chukwani:
Tuliongelee na hili. Black Panther ya 2018. Watu wa Wakanda wanazungumza Kixhosa, lugha ya watu hasa, ya Afrika Kusini. John Kani, mzee aliyeigiza baba yake T'Challa, ndiye aliyeileta tangu muvi ya Civil War ya 2016. Mtafsiri wetu kila wakizungumza anasema "hapa wanaongea kilugha chao." Mwafrika mwenzetu! Kilugha!

---

Jini la Mnazi Mmoja:
Kwani weye ulitaka akitafsiri Kixhosa? Kiingereza chenyewe anakisia.

---

Mzee wa Vuga:
Vijana mnanichekesha. Sisi tulikuwa na Majestic, Empire na Cine Afrique, mji mmoja sinema tatu. Majestic iliungua miaka ya 50 ikajengwa tena, watu hawakubali kukosa picha. Unakata tiketi, unavaa, unapaka uturi, unakaa na watu. Picha za Kihindi saa tatu, hatujui neno moja, na tunalia wote, wanawake na wanaume, mpaka muuza njugu analia. Nani alimhitaji mtafsiri? Machozi hayana lugha. Leo Majestic mnaipita mnakwenda kula urojo hamuitazami hata mlango, na Empire watu wameingia kununua sabuni.

---

Mama Boflo:
Mzee umenikumbusha mama. Alikuwa anaimba nyimbo nzima ya Kihindi anakuna nazi, ukimuuliza maana yake anasema "anampenda lakini wazee hawataki." Zote maana yake hiyo.

---

Kiza Totoro:
Naomba niweke langu. Avatar ile ya watu wa buluu ilitoka Desemba 2009. Dunia nzima inavaa miwani inaangalia. Sisi Unguja waya wa umeme wa baharini umekufa mwezi huo huo, umeme umerudi Machi 2010. Miezi 3! Mie nimeambiwa Avatar kwa mdomo, na rafiki yangu, tuko kwenye ndoo za maji. Nyie mnalilia kava?

---

Karafuu Kavu:
Hahaha hiyo miezi 3 nnaikumbuka vizuri sana. Sisi Pemba waya wa kutoka Tanga umewashwa 2010, kabla ya hapo tunakula jenereta za Wesha. Miaka yote mkitucheka, ati Pemba kwa jenereta. Siku waya wenu ulipokufa nani alikuwa anaangalia runinga? Mimi na mke wangu, Chake, feni linazunguka. Waunguja wakipiga simu wanatuomba tuwachajie simu, kwa simu isiyo na chaji.

---

Kiza Totoro:
Jenereta la Wesha likiwaka saa mbili linapumzika tatu, usitudanganye.

---

Karafuu Kavu:
Saa mbili za Wesha ni nyingi kuliko sufuri ya Unguja. Hesabu hiyo haihitaji mtafsiri.

---

Msomi wa Chukwani:
Mleta uzi hukutwambia. Bibi alifanyaje mwishowe? Alilia?

---

Mjukuu wa Kikwajuni:
Nilikuwa sitaki kusema.

Muvi imekwisha, maziko yale ya ziwani, maua yanaelea na kile kifaa cha kifuani. Mie machozi yananitoka japo nimeharibiwa, siwezi kujizuia pale. Nikageuka nimuangalie bibi. Bibi kimya, kavua miwani, anaifuta kwa ncha ya kanga. Nikajisemea alhamdulillah, imemuingia. Bibi akanigeukia, akanambia: "Mwanangu, yule bwana kasema vioo anabandika. Kesho nipelekee simu yangu, imepasuka tangu Idi."

---

Jini la Mnazi Mmoja:
😂😂😂😂😂😂 tangazo limefanya kazi

---

Urojo Bila Ndimu:
Mtafsiri 1, Marvel 0.

---

Bwana Shaka:
Simu ya bibi utaipeleka au hutaipeleka?

---

Mjukuu wa Kikwajuni:
Hilo halihusiani na mada.

---

Bwana Shaka:
Utaipeleka.

---

Mama Boflo:
Bibi kasema, unapeleka. Na ukifika muulize na kava ya ngozi kama ipo, nyekundu, yangu mimi.

---

Mjukuu wa Kikwajuni:
Jamani nimefungua uzi kumshitaki huyu mtu sio kumtafutia wateja!

---

Mzee wa Vuga:
Jogoo lile ni la aina gani? Nauliza kwa nia njema. Lina sauti.

---

Kiza Totoro:
Halafu Avatar ya pili imekuja 2022, umeme upo, bando likaisha katikati. Mie na hizo muvi basi tena.

---

Karafuu Kavu:
Nyie endeleeni. Kuna anojua boti ya kesho ya kuja Pemba inaondoka saa ngapi? Mke wangu yuko Unguja huko kaenda harusini.

---

Mpiga Kasia:
Saa moja asubuhi nafikiri.

---

Karafuu Kavu:
Saa moja ya kawaida au ya ile sayari?