Bibi ninayemtunza Joensuu anasema yeye ni Mkarelia. Kwani si Mfini?

Binti_Tukuyu:
Shikamooni wakubwa. Natunza wazee huku Joensuu, mashariki mwa Ufini, mwaka wa pili sasa. Darasani tulifundishwa "mimi" ni *minä*, "wewe" ni *sinä*. Bibi mmoja wa miaka 91 kwake ni *mie* na *sie* tu. Jana nilimsifia Kifini chake, akasema yeye ni Mkarelia, kazaliwa karibu na Viipuri, mji ambao leo uko Urusi. Wakarelia ni kabila jingine? Sitaki kumwita jina lisilo lake.

Mama Kulwa, Lappeenranta:
Marahaba mwanangu. Ni Mfini na ni Mkarelia, yote mawili. Wenyewe wanaita *heimo*. Ukisema "kabila" hujakosea sana, ila serikali huandika lugha ya mama ya mtu, haiandiki heimo. Ziko heimo nyingine pia: watu wa Häme husifiwa ukimya. Wa Savo, husemwa kwamba wakishaongea, kuelewa ni juu yako msikilizaji. Wakarelia ni wachangamfu, maneno hayawaishi. Wanataniana kwa hayo.

Lakini kwa bibi yako hilo si la utani. Kwa vita vya 1939–40, na tena 1944, watu zaidi ya 400,000 waliiacha Karelia iliyochukuliwa na Wasovyeti, wakagawiwa mashamba sehemu nyingine za Ufini. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Huko walikopelekwa, wenyeji wengine waliwaita Warusi, watoto wadogo wale! Jina la Mkarelia alilishika mpaka anakufa.

Ila wapo Wakarelia wengine, wengi wao Waorthodoksi, wenye lugha yao kamili, Kikarelia. Muulize taratibu kwao walisali kanisa gani.

Fundi wa Vaasa:
Niongeze la huku pwani. Kama asilimia 5 ya watu wa Ufini lugha yao ni Kiswidi, ambacho hakina udugu na Kifini. Ndugu wa Kifini ni Kiestonia na hicho Kikarelia. Nilimwita msimamizi wangu Mswidi, akanisahihisha hapo hapo: yeye ni Mfini. Hata Mannerheim, aliyeongoza jeshi katika vita alivyotaja Mama Kulwa, alilelewa kwa Kiswidi.

Kaka_Tornio:
Na huku Tornio mpaka na Uswidi ni mto. Mwaka 1809 Uswidi ilipoipoteza Ufini kwa Urusi, Wafini wa ng'ambo walibaki Uswidi. Usemi wao wanauita *meänkieli*, "lugha yetu", na tangu 2000 Uswidi inautambua kama lugha ya wachache.

Binti_Tukuyu:
Asanteni sana. Leo kwenye kahawa nimemuuliza. Kwao walikuwa Walutheri. Amenitajia majirani wa kijijini nyumba kwa nyumba, mpaka jina la farasi wao. Nikamwambia, "*Sie oot karjalainen*", yaani "wewe ni Mkarelia", kwa *sie* yake, si *sinä* ya kitabuni. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka kahawa ikapoa.