Kabari za chini ya mapanga ya tabaini zinacheza. Tuzichomelee?

Zamu_B: Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi mitambo kwenye kituo cha umeme wa gesi, mwaka wa tatu sasa. Wiki hii tumefungua tabaini, yaani mtambo unaozungushwa na gesi inayopiga mapanga yake, nikapewa kazi ya kusafisha vile vipande vya chuma vinavyokaa chini ya mapanga, kati ya panga na jirani yake. Sisi tunaviita kabari. Kimoja hakizidi kidole gumba. Pande zake mbili za mshazari zinang'aa kama sarafu mpya, pembeni pana vumbi la kahawia. Na zote zinacheza, ukitikisa panga kwa mkono unazisikia zikigonga. Msimamizi wangu anasema zimelegea, tuagize nzito zaidi au tuzichomelee. Moyo wangu unakataa, ila hoja sina.

Mzee wa Rota: Msichomelee hata moja, kijana wangu! Nimefungua tabaini miaka 27 na jambo hili linaniuma.

Panga limeshikwa shinani tu. Ligonge, litalia kama kengele na litachelewa kunyamaza, kwa sababu chuma chenyewe hakimezi mtetemo. Ndani ya mtambo linapigwa na gesi kila linapopita mbele ya nozeli, yaani tundu linaloelekeza gesi, na mapigo hayo yanaongezeka kadiri mwendo unavyopanda. Yakifika kulingana na mlio wa asili wa panga, hapo ndipo linapotikisika mpaka shina linapata ufa.

Sasa kabari. Rota, yaani sehemu inayobeba mapanga, ikizunguka, kabari inatupwa nje na kubana mapanga mawili kwa chini. Hili likienda huku na lile kule, inasuguliwa, na mtetemo unageuka joto. Mng'ao uliouona ndiyo kazi yake hiyo. Ukiichomelea haitelezi tena. Mapanga yanashikana, mlio wake unapanda, na hatari inahamia kwenye mwendo ambao hakuna aliyeupangia.

Uzito nao upigie hesabu. Kabari ya gramu 20, nusu mita kutoka katikati ya shafti, kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika inabana kwa nyutoni 987 hivi, sawa na gunia la mahindi la kilo 100. Kwenye 1,500 inabana robo ya hapo, si nusu, maana nguvu inafuata mraba wa mwendo. Yaani kabari ile ile ni nyepesi mkiwasha, nzito mkifika mwendo wa kazi. Ikiwa nyepesi mno inateleza bila kumeza kitu, ikiwa nzito mno inaganda. Msanifu alichagua gramu zile kwa ajili ya mwendo ambao panga linalia zaidi.

Zamu_B: Shikamoo mzee, nashukuru sana. Swali moja tu: tukiwasha, vipimo vya beringi huwa vimetulia kabisa. Mtetemo wa panga tungeuonaje?

Binti Mizani: Hapo hamwezi kuuona, kaka. Kipimo cha beringi kinasikiliza shafti. Panga moja linaweza kuteseka na sindano isisogee. Wanaopima mapanga hubandika vihisi juu yake, au huweka vihisi kwenye ganda la mtambo vinavyohesabu ncha ya panga imewahi au imechelewa kiasi gani. Ndiyo maana kitabu cha mtambo kinataja mwendo msioruhusiwa kukaa. Piteni haraka, mtetemo usipate muda wa kukua. Na mjue kwamba mkipandisha, kilele kinatokea mkiwa mmeshapita kidogo juu ya mwendo wenyewe. Mkishusha, kinatokea chini yake. Mchoro tunaosomea mwendo huo umebeba jina la Wilfred Campbell wa General Electric, Marekani, aliyeandika juu ya mtetemo wa magurudumu ya tabaini mwaka 1924.

Mzee wa Rota: Marahaba. Kesho pitisha ukucha kwenye upande unaong'aa. Ukikwama, pana kidato, na kabari yenye kidato inanasa badala ya kuteleza. Hiyo ibadilishwe kwa uzito ule ule. Zipime zote kwa mizani ndogo, uandike.

Zamu_B: Nimerudi. Ukucha umekwama kwenye kabari saba. Nimemwonyesha msimamizi ile hesabu ya gunia, akaishika kabari muda mrefu, kisha akasema tuagize saba za gramu zile zile.