Zamu za msosi wa Anti Tatu

Mama Sele: Asalaam aleikum wanafamilia. Anti Tatu kamaliza kemo ya pili ya kansa hospitali ya Ocean Road karudi salama ila kula ndo shida, kila kitu anasema kina ladha ya msumari. Tupange zamu za kumpikia. Jumatatu mimi. Jumanne nani?

Mama Sele: Jumanne nani jamani, mmesoma wote nawaona

Baba Nasri: Jumanne mechi 😂

Mama Sele: Sio utani. Wa lishe kasema apewe kidogo kidogo kila baada ya masaa mawili matatu tusisubiri aseme njaa maana haisikii. Uji uwe na maziwa yaliyochemka, mayai yaive mpaka kiini kikauke, samaki, maharage. Kachumbari hapana, vya barabarani hapana, kinga iko chini. Mdomo una vidonda kwahiyo pilipili ndimu nanasi pumzisheni. Kiwe cha uvuguvugu, mvuke wa moto ndo unamtapisha. Na vijiko vya plastiki, vya chuma hataki

Fetty: Si wanasema sukari inalisha kansa? Uji bila sukari mi naona

Mama Sele: Fetty mtu anapungua kilo we unamnyima sukari??

Shemeji Juma: Mlonge na majani ya stafeli nimeshapeleka jana chupa nzima

Mama Sele: Si uliambiwa!! Vinaweza kugongana na dawa, daktari lazima aulizwe kwanza

Shemeji Juma: Siwezi kufundishwa na mtu wa hela za shamba la Muheza

Baba Nasri: Tushafika Muheza, mwenye bisi alete 🍿

Mama Sele: Zilipoenda unapajua Juma, muulize mkeo

Babu: Ni babu hapa, mjukuu ananiandikia. Hiyo chupa nimeimwaga mimi. Asipewe kitu cha kunywa ambacho daktari hakijui. Ya Muheza nitayasema mwenyewe siku nikitaka, sio humu. Tatu yumo humu anawasoma.

Fetty: Shikamoo babu

Baba Nasri: Shikamoo babu

Anti Tatu: Nimesoma. Uji nimeuchoka. Bokoboko naweza, lisiwe na ndimu

Mama Sele: Umesikika anti ❤️ Haya bokoboko Jumanne, nyama isagike vizuri. Nani

Baba Nasri: Fetty

Fetty: Mi tena? Lile la Idi mpaka leo mnalisema

Baba Nasri: Lile lilikuwa lami 😂😂

Anti Tatu: 😂 mnanitonesha vidonda

Da Mwana: Waaleikum salaam ndo naona saa hizi, kazini hatushiki simu. Jumatano nasafiri ila ntatuma kitu inshallah

Mama Sele: Kitu shingapi Da Mwana, samaki wamepanda. Juma na wewe Alhamisi nimekuandika, ndizi na nyama, majani usibebe

Mama Sele: Juma?

Mama Sele: Na Jumanne bado sijajibiwa