Nimeuziwa anwani ya Ulaya kwa euro 240, na hadi leo hakuna aliyeuliza makubazi yangu yametengenezwa kwa kitu gani

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu jambo hili likielezwa kwa mkato linaonekana kama kilio cha mtu asiyetaka kufuata sheria, na mimi si mtu wa namna hiyo. Ninaendesha duka dogo la mtandaoni hapa Tanga. Tunauza makubazi ya ngozi yanayoshonwa kwa mkono, vikapu vya ukili na aproni za kanga, na kwa miaka sita sasa wateja wetu wengi wako Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji. Tulianzia kwenye soko kubwa la mtandaoni, kisha tukafungua tovuti yetu wenyewe ili tupunguze kukatwa kamisheni. Tupo mimi, fundi mmoja wa ngozi ambaye hapa nitamwita Mzee tu, na kina mama wanne wa ukili wanaolipwa kwa kikapu.

Kwa wasioifahamu, tarehe 13 Desemba 2024 ilianza kutumika Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/988 kuhusu usalama wa bidhaa kwa ujumla, ikachukua nafasi ya sheria ya mwaka 2001. Kanuni hii inagusa karibu kila kitu anachoweza kununua mlaji, mitumba ikiwemo. Vyakula, dawa na vitu vya kale vimeachwa nje. Haina msamaha kwa mfanyabiashara mdogo. Ukishaweka bei kwa euro na gharama ya kutuma mzigo Ujerumani, ni vigumu kujitetea kwamba hukulilenga soko lao, hata kama stoo yako iko Ngamiani hapa Tanga na hujawahi kupanda ndege. Nilikuwa na mteja mmoja Belfast, nikajipa moyo kwamba Uingereza imeshajitoa kwenye Umoja huo. Kumbe Ireland ya Kaskazini imebaki ndani ya kanuni hii, na hakuna ujanja.

Sharti lililonifikisha hapa ni la kifungu cha 16. Mtengenezaji aliye nje ya Umoja wa Ulaya hawezi kuingiza bidhaa yake sokoni mpaka awepo mtu au kampuni iliyo ndani ya Umoja inayowajibika kwa bidhaa hiyo: aidha mwagizaji, au mwakilishi aliyepewa mamlaka kwa maandishi, au, wasipokuwepo hao, kampuni inayohifadhi na kusafirisha mizigo kwa niaba yako. Jina lake, anwani yake ya posta na ya barua pepe lazima vionekane kwenye tangazo la bidhaa mtandaoni, na pia kwenye bidhaa yenyewe, au kifungashio, au karatasi inayoambatana nayo. Jina la mtengenezaji na anwani yake navyo lazima viwepo, pamoja na picha, aina ya bidhaa, na maonyo kwa lugha ambayo mnunuzi wa nchi husika anaielewa. Naomba ieleweke kwamba sina ugomvi na maneno hayo. Mtu anayenunua viatu kutoka bara jingine ana haki ya kujua atamdai nani vikimdhuru.

Ugomvi wangu unaanza pale maneno hayo yalipogeuzwa kuwa fomu. Novemba 2024 lile soko kubwa la mtandaoni, ambalo bado tulikuwa na bidhaa kadhaa kwake, lilitupa wiki tatu kujaza taarifa, vinginevyo bidhaa zetu zifichwe kwa wanunuzi wote wa Ulaya. Fomu ilikataa S.L.P. Nikaandika anwani ya makazi kama ilivyo kwenye kibao kilichopigiliwa misumari mlangoni tangu mwaka 2022, lakini wanaoijua Ngamiani wanajua kwamba barabara zetu zina namba badala ya majina, na mashine ikanijibu kwamba jina la mtaa haliwezi kuwa tarakimu. Nilipoandika namba hiyo kwa maneno, ikanitaka niweke namba ya nyumba ambayo haifanani na ya barabara. Siku nne zilipotea kwa kubishana na mashine kuhusu mahali ninapolala kila siku.

Huyo mtu wa kuwajibika nilimtafuta kama wengi wanavyomtafuta, yaani kwa kupekua matangazo. Nilimpata wakala mmoja aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, nikamlipa euro 240 za mwaka mmoja kwa bidhaa zisizozidi 10. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili usiku. Kufika saa nne usiku huohuo nilikuwa nimeshapokea cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu kinachotamka kwamba bidhaa zangu zina uwakilishi halali. Fomu yao iliniuliza jina, barua pepe, kadi ya benki na idadi ya bidhaa. Haikuuliza ngozi imesindikwa kwa dawa gani, bizimu ni ya chuma gani, wala kanga imetiwa rangi ya aina gani. Ningeandika kwamba nauza baruti, nadhani cheti kingefika saa nne ileile.

Machi 2025 mteja wa Hamburg aliniandikia kwa adabu, akaambatisha picha mbili za mguu wake. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na alama nyekundu ya mraba, na ukubwa wake ulikuwa sawasawa na wa bizimu ya makubazi yetu. Nilimrudishia fedha siku hiyohiyo, nikamwomba aache kuyavaa, kisha nikapeleka picha zile kwa wakala wangu, kwa kuwa niliamini kwamba hiyo ndiyo kazi niliyomlipia. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: kushughulikia malalamiko ya walaji hakumo kwenye kifurushi changu, ila ninaweza kuhamia kifurushi cha juu au kulipia euro 90 kwa kila saa ya kazi. Barua nzima haikuwa na hata neno moja kuhusu mguu wa mteja.

Sasa someni kifungu chenyewe. Hakisemi kwamba mtu wa kuwajibika ni sanduku la barua. Kinasema kwamba pale inapostahili kulingana na hatari za bidhaa, mtu huyo akague mara kwa mara kama bidhaa inalingana na jalada lake la kiufundi, yaani maandishi ya mtengenezaji yanayoeleza bidhaa na hatari zake, na kama ina alama na maonyo yanayotakiwa, na mamlaka zikimtaka, atoe ushahidi wa maandishi wa ukaguzi alioufanya. Huyu wangu atatoa ushahidi gani? Hajawahi kushika hata jozi moja. Nilipomuuliza kama angependa nimtumie sampuli kwa gharama yangu, alijibu kwamba hana nafasi ya kuhifadhi sampuli.

Kazi ya usalama tuliifanya wenyewe, kwenye baraza la Mzee. Nilimpelekea ile picha, akaivuta simu karibu na mwanga, akakaa kimya kwa muda, kisha akamwaga kopo la bizimu juu ya meza. Zilikuwa za aina mbili. Zile tulizozizoea ni za shaba, nzito, na zinafifia rangi zikikaa. Nyingine zilikuwa nyepesi na zinang'aa kama kijiko kipya. Alizinunua Kariakoo mwezi Januari zile za kawaida zilipokosekana, na hakuona sababu ya kuniambia, kwa kuwa tundu lake ni lilelile. Siwezi kuapa kwamba zimechovywa kwenye nikeli, lakini nilishasoma kwamba Ulaya inaruhusu chuma kinachogusa mwili kwa muda mrefu kitoe nikeli isiyozidi mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki, na kwamba nikeli ni maarufu kwa kuwasha ngozi kwa namna ile. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hatukuweza kujua ni jozi zipi zilizotoka na bizimu za Kariakoo, kwa sababu hazikuwa na namba. Niliwaandikia wateja wote 31 wa miezi mitatu, nikawaomba kila mmoja apige picha ya bizimu yake. Jozi saba ndizo zilizokuwa nazo, na wote saba tuliwapa hiari ya kurudishiwa fedha au kubadilishiwa.

Tangu hapo kila jozi inachomwa namba kwenye soli kwa chuma cha moto, mwaka kwanza kisha mwezi, na ndani ya kaunta buku namba hiyo inaandikwa pamoja na ngozi, uzi na bizimu zilizotumika. Kanuni inataka bidhaa iwe na namba ya aina au ya toleo, na inataka mtengenezaji awe na daftari la malalamiko. Kwa hiyo nilichokifanya kwa fedheha baada ya tukio nilipaswa kukifanya mapema, na kosa hilo ni langu. Niliandika pia uchambuzi wa hatari, ambao ndio kiini cha jalada la kiufundi linalotakiwa kutunzwa kwa miaka 10. Nilieleza soli ikilowa inavyoteleza juu ya vigae, kamba ya kidoleni inavyokatika ikichakaa, rangi za nguo zisizoruhusiwa kuachia zaidi ya miligramu 30 kwa kilo ya baadhi ya kemikali za amini zinazohofiwa kuleta saratani, na ngozi isiyotakiwa kufikisha miligramu 3 kwa kilo za kromiamu ya aina ya sita, kemikali yenye madhara kwa mwili ambayo huweza kujitokeza ngozi iliyosindikwa kwa kromiamu ikisindikwa au kuhifadhiwa vibaya. Kiwanda kinachotuuzia ngozi kilishangaa kuulizwa, lakini meneja wake alinipa majibu kamili kuliko wakala.

Jalada hilo nililituma kwa wakala nikamwomba alisome. Nakiri kwamba wakati huo nilishaanza kumshuku, kwa hiyo kwenye ukurasa wa tatu, baada ya aya ya kamba ya kidoleni, nilibandika maelezo ya kupika mchuzi wa pweza wa nazi, pamoja na vipimo vya tangawizi. Nilijibiwa ndani ya saa moja kwamba jalada langu limepokelewa, limehakikiwa na linakidhi matakwa ya kanuni. Mchuzi wa pweza umo humo hadi leo.

Wapo watakaosema kanuni hii ilitungwa kutukomesha sisi. Sikubaliani nao. Tume ya Ulaya yenyewe ilitangaza kwamba mwaka 2024 viliingia vifurushi vya bei ndogo takribani bilioni 4.6, sawa na milioni 12 kila siku, vingi mno vikitoka China, na ni mafuriko hayo yaliyowatisha. Hata hivyo, kiwanda kinachotuma shehena kila wiki kinamudu kuwa na ofisi yake huko, ilhali mimi ninayetuma mifuko 15 kwa mwezi nimeachiwa soko la watu wanaokodisha anwani, na hakuna anayewakagua hao kabla hawajachukua fedha zetu. Hapa nyumbani nako tunaitwa kwenye semina za masoko ya nje, tunapewa chai na kalamu, na nilipouliza habari za kanuni hii kwenye semina moja, mtoa mada aliniomba niandike barua kwa ofisi yake. Niliandika mara mbili, na zote hazijajibiwa.

Nimeshapewa ushauri mwingi faraghani, kwa hiyo niuseme hapa ili usirudiwe. Kutumia anwani ya shemeji yangu wa Rotterdam sitaki, kwa maana yeye ndiye atakayegongewa mlango na mamlaka, naye ni muuguzi na hajui bizimu ni nini. Tembo wa kushona wa kanga tumeshawaondoa, kwani vitu vya kuchezea watoto vina sheria yao, alama ya CE ya kutangaza kwamba bidhaa inakidhi sheria za Ulaya, na vipimo vya maabara ambavyo kwa tembo 20 kwa mwaka havilipi. Njia iliyokubali kidogo ni duka moja dogo la Leipzig linalonunua vikapu kwa jumla. Mwenye duka ndiye mwagizaji, jina lake linakaa kwenye lebo, na kabla ya oda ya kwanza alinipigia simu ya video akamtaka mama mmoja avute vishikio vya kikapu mpaka vikatike ili aone vinakatikia wapi. Bei yake ya jumla inanibakishia faida ndogo sana, lakini ndani ya dakika 20 yule bwana aliuliza maswali mengi kuliko wakala kwa mwaka mzima.

Mkataba wangu na wakala unakwisha mwezi ujao, na ankara ya kuuhuisha imeshafika, safari hii ikiwa euro 310. Ninazo jozi 42 zenye namba kwenye soli zinazosubiri kutumwa, na nikifuta jina la wakala leo, kesho siruhusiwi kumuuzia Mjerumani hata jozi moja. Kwa hiyo ninauliza wale mnaouza Ulaya kutoka Mombasa, Zanzibar, Arusha au kokote: yupo aliyewahi kupata wakala aliyesoma jalada lake kweli, na alimlipa kiasi gani? Na kama yupo anayejua maabara ya Afrika Mashariki inayopima kromiamu ya aina ya sita kwenye ngozi, kwa majibu yanayokubalika huko, aniandikie humu humu ili na wengine waone.