Kaka ameitwa DCI Kisumu: tutafute wakili sasa au tungoje mashtaka?

Kutoka: Dada wa Minneapolis

Hamjambo nyote. Naomba ushauri wa haraka. Ndugu yangu yuko Kisumu. Mwaka jana alimtafutia jamaa mmoja wa huku Marekani ploti kule Riat. Pesa zikalipwa, mkataba ukatiwa sahihi, na sasa hati haitoki kwa sababu ndugu za muuzaji wameanza kugombania shamba. Jana kapigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mpelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai: "Kuja kesho asubuhi uandike statement, ni jambo dogo tu." Hajakamatwa wala kushtakiwa. Mama anauliza, wakili wa nini na kesi haipo? Mimi ndiye nitakayelipa, kwa hivyo nataka kujua kama nitakuwa namwaga pesa.

Kutoka: Mjomba wa Nakuru

Binti yangu, pole. Mtu akifika na wakili siku ya kwanza, maafisa wanaona ana la kuficha. Aende na heshima zake, aeleze ukweli, arudi nyumbani. Wakili ni wa kortini. Mkimwita leo atakula hata hiyo pesa ya ploti.

Kutoka: Wakili, Kisumu

Mjomba, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe.

Dada, hatua mliyopo ndiyo wakili anaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo. Mpelelezi hukusanya taarifa na stakabadhi, kisha faili huenda kwa ofisi ya DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Huko ndiko huamuliwa kama mtu ashtakiwe, kwa mamlaka ya kifungu cha 157 cha Katiba. Waendesha mashtaka wana mwongozo wa 2019 unaowataka wajiulize kama ushahidi unatosha na kama kesi ina manufaa kwa umma. Sasa fikiria faili iliyo na malalamiko ya mnunuzi peke yake, halafu fikiria ile iliyo na mkataba, jumbe za M-Pesa na karatasi ya msajili wa ardhi inayoonyesha kuwa ploti ilikuwa kwa jina la muuzaji siku ile waliyotia sahihi. Karatasi hiyo haiendi yenyewe kwenye faili. Mtu lazima aipeleke kwa barua na ahakikishe imepokewa na kupigwa muhuri. Mtu akishasomewa mashtaka, mambo ni mengine: kutafuta dhamana, kesi kutajwa na kutajwa tena, shahidi leo hayupo, mwezi ujao hakimu yuko likizo.

Kesho asubuhi asiende. Sisemi ajifiche, maana kujificha kutamharibia. Wakili ampigie afisa huyo, amuulize jina, kituo na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na aombe wito wa maandishi. Kifungu cha 52 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi kinataka wito uwe wa maandishi, na hakimlazimishi mtu kujibu swali ambalo jibu lake linaweza kumtia kwenye shtaka. Kisha wakubaliane siku. Nawasihi isiwe Ijumaa. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, anangojea siku inayofuata ya korti. Kamata kamata ya Ijumaa alasiri inamaanisha kulala seli hadi Jumatatu, na kuna wanaolipenda pengo hilo.

Kituoni wakili akae naye chumbani. Kuna njia tatu: aandike taarifa, apeleke stakabadhi na barua ya wakili pekee, au anyamaze. Ipi inafaa itategemea stakabadhi zinasema nini, na ndiyo sababu wakili azisome kabla, si kwenye korido ya kituo. Ungamo mbele ya mpelelezi wa kesi halikubaliki kortini. Lakini taarifa ya kawaida si ungamo, na tarehe moja aliyoikosea humo kwa haraka ataulizwa kizimbani. Asitie sahihi asichokisoma.

Na asianze kurudisha pesa kimya kimya ili "yaishe". Zikirudi, zirudi kupitia kwa wakili, kwa barua inayosema wazi kuwa hakiri kosa.

Swali langu kwako, dada: pesa za mnunuzi zilipitia akaunti ya nani?

Kutoka: Dada wa Minneapolis

Sehemu ya kwanza ilipitia kwangu. Jamaa alinitumia kwa benki za huku, nami nikamtumia kaka. Kuna tatizo? Na tayari tumefungua grupu ya WhatsApp ya familia, kila mtu anaeleza anavyokumbuka.

Kutoka: Wakili, Kisumu

Fungeni mjadala wa kesi kwenye hilo grupu leo. Msifute kitu, kufuta kutaleta shida nyingine. Acheni tu kuandika. Simu ya kaka ikichukuliwa na kufunguliwa, kumbukumbu za shangazi zitasomwa kama ushahidi.

Tatizo lipo. Ukilipa wakili wa kaka, mteja ni kaka. Anayomwambia wakili ni siri yake, na wewe mlipaji huna haki ya kuyasikia. Wengi wenu mlio ng'ambo jambo hili huwaudhi: unatuma pesa, unapiga simu usiku wa Kisumu, unaambiwa "siwezi kukueleza." Wakili anayesema hivyo anafanya kazi yake. Na kwa kuwa pesa zilipita mikononi mwako, huenda siku moja maelezo yako na ya kaka yakapingana. Wakili mmoja hawezi kuwasimamia wote wawili hapo. Tafuta wako.

Kutoka: Kaka wa Dallas

Naongezea ya huku. Mlalamishi yuko Marekani, kwa hivyo anaweza kuripoti huku pia. Dada, afisa akibisha mlangoni, chukua kadi yake, mwambie wakili wako atampigia, ufunge mlango kwa adabu. Yale maneno ya Miranda ya 1966, ya kukuambia una haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili, husomwa ukiwa umezuiliwa na unahojiwa. Anayekualika "tuongee kidogo" halazimiki kuyasoma. Kumdanganya afisa wa serikali kuu ni kosa lenyewe, hata kama hukuapa. Na wakili wa bure wa serikali kwa kawaida huja baada ya kushtakiwa, kwa hivyo kabla ya hapo unajilipia.

Kutoka: Mama Leicester

Kumbe! Hapa Uingereza ukihojiwa na polisi wakili ni bure hata uwe na mshahara mnono, hata kama umekwenda kwa hiari yako. Watu wetu hukataa wakidhani watatumiwa bili.

Kutoka: Mjomba wa Nakuru

Haya, nimesikia. Lakini mwambieni bei. Mawakili hawataji bei.

Kutoka: Wakili, Kisumu

Mjomba, swali lako ni la haki. Kwanza tafuta jina kwenye tovuti ya LSK, chama cha mawakili wa Kenya, uone kama leseni yake ya mwaka huu ni hai. Ofisi zimejaa Oginga Odinga Street, lakini kibao mlangoni hakitoshi. Muulize ada inaishia wapi: kwenda kituoni tu, mpaka DPP aamue, au mpaka siku ya kusomewa mashtaka? Aandike. Pesa ziende kwa akaunti ya ofisi, risiti itoke. Akikuomba ya "kumwona mkubwa", tafuta mwingine siku hiyo hiyo, maana Sheria ya Hongo ya 2016 humshika mtoaji pamoja na mpokeaji. Dhamana ya polisi yenyewe ni bure. Pesa taslimu ikiwekwa kituoni, mpate risiti.

Kuna watakaowauzia ile dhamana ya Mahakama Kuu ya kuzuia kukamatwa. Ipo, lakini jaji atataka kuona tishio halisi kwa haki za kaka. Simu moja ya kuitwa haitoshi, na mtakuwa mmelipia ombi la kutupwa.

Kutoka: Dada wa Minneapolis

Wakili amepatikana, amezungumza na afisa, na wito wa maandishi umekuja. Wanaenda Jumanne. Kaka amepata mkataba, bado anatafuta karatasi ya msajili. Wangu nitamtafuta kesho. Swali la mwisho: nina ombi la uraia linaendelea, na nilipanga kuja nyumbani Desemba. Nije?

Kutoka: Kaka wa Dallas

Usikate tiketi bado. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa au kuzuiliwa popote duniani, hata kama hukushtakiwa. Huyo wakili wa kesho awe anajua na mambo ya uhamiaji, au awe na mwenzake anayeyajua, na umwonyeshe taarifa ya benki ya ule mwezi pesa zilipopita kwako.