Picha ya penseli inang'aa kama sufuria: tatizo ni penseli au mkono?

Mchora_Sura: Wakuu habari. Nachora sura kwa penseli ya HB ya shuleni kwenye karatasi ya fotokopi. Nywele na mboni hazikolei. Nikikandamiza zaidi panang'aa kama sufuria. Ninunue seti ya bei mbaya?

Wembe: Usinunue seti, mkuu. Grafiti, ule weusi wa ndani ya penseli, ni vipande bapa vidogo mno. Ukikandamiza vinalala vyote na kurudisha mwanga. Tena HB imechanganywa na udongo mwingi kuliko 6B, ambayo ni laini na nyeusi zaidi, hivyo weusi wa HB una kikomo hata ukitoboa karatasi. Chukua HB, 2B na 6B basi. Pesa inayobaki nunulia karatasi ya kuchorea, gramu 150 kwa mita ya mraba kwenda juu, yenye mkwaruzo kidogo. Ile ya gramu 80 ni laini, ukipitisha tabaka mbili tatu haishiki tena.

Kivuli: Penye giza kabisa (mboni, tundu za pua, nywele za kisogoni) tanguliza penseli ya mkaa kwenye karatasi tupu. Ukianza na grafiti, mkaa unateleza juu yake. Ngozi anza na HB, mkono mwepesi, penseli uishike mbali na ncha, mistari ifuate mviringo wa shavu. Vivuli malizia na 2B. Usisugue kwa kidole, mafuta yake yanaacha doa lisilofutika. Tishu inatosha. Mng'ao wa paji la uso na pua uache mweupe tangu mwanzo. Wengi wakichora mtu mweusi wanajaza giza uso mzima, sura inakuwa bapa.

Wembe: Mkaa si lazima. Ingres, mchoraji Mfaransa, alichora watalii Waingereza kule Roma baada ya 1815 kwa penseli tupu kwenye karatasi laini: uso umekolezwa kwa uangalifu, koti ni mistari michache tu. Hakuhitaji weusi wa mkaa, na picha zile ziko makumbusho. Hiyo HB yako inaweza, mradi ukubali picha ya kijivu.

Mchora_Sura: Shukrani sana. Na mvi je?

Kivuli: Kata kona ya raba kwa wembe ipate ncha kali, kisha vuta mstari mmoja mmoja kutoka shina la nywele. Ncha ikichafuka kata tena, la sivyo unapaka badala ya kufuta.